Kabati la Miche na Hewa Yake

Katika miji yetu ya pwani nyumba za ghorofa zinaongezeka kila mwaka, na watu wengi wanaishi juu, mbali na udongo. Mwenye vyumba viwili katika ghorofa ya nne hana ua wala kitalu, lakini ana kona ya ukumbi. Na siku hizi baadhi ya vijana wetu wameitumia kona hiyo kwa jambo jema sana. Huweka kabati dogo, hutundika taa ndani yake, hupanga vikopo vya udongo, na humo huotesha miche ya nyanya, saladi, pilipili, rehani na nanaa. Mbuzi wa jirani hawafiki hapo, kuku hawachakuri, na mvua ya masika haizamishi mbegu. Mama wa nyumba hupata giligilani mbichi bila ya kwenda sokoni, na kijana hupata kwa mikono yake elimu ambayo shuleni huiona ubaoni tu.

Walakini wengi huvunjika moyo mapema. Mbegu huota vizuri, kwa siku nne au tano nyumba nzima huja kutazama, kisha asubuhi moja mlango ukifunguliwa, miche yote imelala ubavu kama majani ya chai yaliyomwagwa. Lawama hupewa muuza mbegu, au maji ya bomba, na tumesikia hata jicho la jirani likitajwa. Katika makabati mengi tuliyoyaona, muuza mbegu hakuwa na kosa, na jirani pia alisingiziwa. Kilichoua miche ni hewa: ilikuwa moto mno, au mbichi mno, au imesimama pahali pamoja, na mara nyingi yote matatu kwa pamoja.

Kwa hiyo twapenda leo kulieleza jambo hili la hewa kwa urefu. Na twaanza na neno moja ambalo msomaji akilishika, mengine yote yatamwia mepesi: feni haitengenezi ubaridi. Feni ni mchukuzi. Hulichukua joto kutoka mahali fulani ikalipeleka mahali pengine, na kama haikupewa njia ya kulipeleka, huzunguka nalo mle mle. Sisi tukikaa chini ya pangaboi twaona baridi kwa sababu upepo wake hukausha jasho la ngozi yetu. Chumba chenyewe hakikupoa hata kidogo. Kipimajoto hakina jasho, na ukikiweka chini ya pangaboi hilo hilo kitasoma vile vile kilivyosoma mwanzo.

Na joto la kabati latoka wapi? Latoka katika taa. Wauzaji husema kwamba taa za LED ni taa baridi, na usemi huo umewapoteza wengi. Ni kweli kwamba taa hizi hutoa mwanga mwingi kwa umeme mchache kuliko globu za zamani, na kwa hiyo mtu aweza kutumia wati chache apate mwanga ule ule. Lakini wati moja ni wati moja. Umeme ukiingia katika taa, sehemu yake hugeuka joto pale pale, na sehemu nyingine hutoka kama mwanga. Mwanga huo ukipiga majani, udongo na kuta za kabati, nao hugeuka joto. Sehemu inayohifadhiwa na mmea kama sukari ni ndogo sana, haibadilishi hesabu. Taa ya wati 100 ndani ya kabati huleta joto la wati 100, iwe ya namna gani.

Kwa kulinganisha, mwili wa mtu mzima aliyekaa kitako bila kazi hutoa joto la kadiri ya wati 100. Basi mwenye taa ya wati 100 kabatini ni kama aliyemfungia mtu mzima humo. Na kabati ni dogo! Kabati lenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 120 halifiki nusu ya mita ya ujazo, na hewa yote iliyomo ndani yake, tukiipima, ina uzito wa nusu kilo hivi, kama pakiti ndogo ya sukari. Lau kama joto la taa lingeingia katika hewa hiyo peke yake, lingeipandisha uzi mmoja wa Sentigredi katika kila sekunde tano. Bahati njema udongo, vikopo na mbao hunywa sehemu ya joto hilo, na kuta hulipitisha nje kidogo kidogo. Ndiyo maana jambo hili huchukua saa moja au mbili badala ya dakika moja. Lakini huja.

Tuliliona kabati moja la namna hiyo kwa jamaa mmoja. Lilikuwa kabati la zamani la nguo, taa mbili za wati 60 zimetundikwa juu, na mlango umezungushiwa mpira pande zote ili mwanga usiwasumbue watoto waliolala chumba kile kile. Ndani mlikuwa na feni mbili ndogo zilizotolewa katika kompyuta mbovu, zikivuma kwa bidii. Kijana wa nyumba alikuwa amepanda mara tatu, na mara tatu miche imekufa. Naye alikuwa amekwisha kupokea fedha za majirani watatu waliotaka miche ya nyanya, na mama yake amekwisha kumwambia kwamba fedha za watu zirudishwe na kabati litolewe. Siku ile alikuwa akifunga feni ya tatu. Kipimajoto cha chumbani kilisoma nyuzi 29, na kile cha kabatini kilisoma 41.

Kijana huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na feni za kutosha. Alichokosa ni matundu. Hewa ilikuwa ikizunguka ndani kwa ndani, ikipita katika taa na kurudi katika miche, na kila feni aliyoiongeza ilileta wati zake chache za joto juu ya zile za taa. Ilibidi kukata tundu la upana wa sentimita 12 karibu na dari ya kabati na kufunga hapo feni moja inayotazama nje, kisha kutoboa matundu mawili chini kabisa, upande ule mwingine. Kabla ya jua kuchwa kipimajoto kilisoma 33. Bado lilikuwa joto jingi, na tutaeleza baadaye lilivyopunguzwa, lakini lilikuwa joto la kuishi.

Msomaji aliyesoma historia aweza kutuuliza: mbona Ward alifunga? Ni swali zuri. Nathaniel Ward alikuwa tabibu wa London, na mwaka 1829 aliweka buu la nondo katika chupa yenye udongo mbichi, akaifunga. Nondo hakumpa alichokitafuta, lakini mlemle katika chupa iliota jimbi na unyasi, vikaishi bila kufunguliwa. Hapo alitambua kwamba maji yanayotoka katika majani kama mvuke hugusa kioo, huwa matone, na hurudi udongoni. Akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 alipeleka mawili yaliyojaa mimea kwa merikebu kutoka London hadi Sydney, mimea ikafika hai baada ya miezi mingi ya baharini. Baadaye masanduku ya namna hiyo ndiyo yaliyochukua miche ya chai kutoka China kwenda India katika safari za Robert Fortune.

Sanduku la Ward na kabati letu vyafanana kwa sura tu. Ndani ya sanduku lile hamkuwa na taa. Mwanga uliingia kutoka nje, na kioo pande zote kiliachia joto litoke. Majimbi nayo ni mimea ya kivulini, hukua polepole, na hupenda ubichi. Nyanya na saladi tunazozilazimisha kukua kwa haraka chini ya taa ya wati 100, ndani ya mbao zisizopitisha joto, zina haja nyingine.

Tuzitaje haja hizo. Jani hupumua kwa vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo hulitoa maji kama mvuke, na kwa kufanya hivyo hujipoza, kama sisi tunavyojipoza kwa jasho. Na kwa vitundu hivyo hivyo huingiza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo chakula chake. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi tu za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Katika kabati lililofungwa, taa zikiwaka, miche iliyokwisha kukomaa huimaliza sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa muda mfupi, kisha hukaa na njaa chini ya mwanga tunaoulipia. Joto likizidi na maji yakipungua, vitundu hufungwa. Mmea hauli tena wala haujipozi, na jani huwa moto kuliko hewa iliyo kando yake.

Tena kuna ubichi. Hewa ikisimama, mvuke uliotoka katika jani hubaki umelizunguka jani lile kama shuka iliyolowa. Udongo haukauki juu, na hapo huingia kinyausi, ugonjwa wa ukungu ambao wakulima wa vitaluni wanaujua vizuri: shina la mche hulegea na kuoza pale linapotokea udongoni, na mche hulala ukiwa bado kijani. Kinyausi hakina dawa kwa mche uliokwisha kuanguka. Kinga yake ni udongo safi, maji kwa kiasi, na hewa inayotembea. Tunapendelea unyevu wa hewa kabatini uwe kati ya asilimia 50 na 70. Kipimo kidogo cha unyevu na joto kwa pamoja si ghali, na afadhali kukinunua hicho kabla ya feni ya pili. Kiwekwe penye kimo cha majani, na kifunikwe kwa juu na kipande cha kadibodi, maana kikipigwa na mwanga wa taa kitasoma joto la taa, si la hewa.

Sasa twaja kwenye hesabu ya feni, nayo ni nyepesi hata mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Chukua wati zote zilizomo kabatini, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzi unazokubali kabati lizidi chumba. Jibu ni mita za ujazo za hewa zinazohitajiwa kupita kwa saa moja. Kwa mfano, taa za wati 100, na tumekubali kabati liwe nyuzi 3 juu ya chumba: 100 mara 3 ni 300, tukigawanya kwa 3 twapata mita za ujazo 100 kwa saa. Anayetaka nyuzi 2 tu atahitaji mita 150, na anayetaka uzi 1 atahitaji mita 300. Tazameni jinsi hesabu inavyopanda: kila ukikaribia joto la chumba, ndivyo kila uzi unavyozidi kuwa ghali, na hata ukiweka feni ya merikebu hutapita chini ya chumba. Kama chumba kina nyuzi 32, hewa inayoingia ina nyuzi 32, na feni haina pengine pa kuchota.

Feni ya kompyuta ya sentimita 12 aghalabu huandikwa kwamba hupitisha kati ya mita za ujazo 70 na 120 kwa saa. Namba hiyo hupimwa feni ikiwa wazi, bila kizuizi mbele wala nyuma. Ukiifunga katika tundu, ukaweka chandarua, ukaunga bomba lenye kona mbili, utapata pungufu sana, pengine nusu. Kwa hiyo chagua feni yenye nafasi ya ziada. Na kati ya feni moja kubwa inayozunguka polepole na mbili ndogo zinazopiga mbio, twaishauri kubwa. Ile ndogo ya sentimita 8 haina hata nusu ya eneo la ile ya 12, na ili kupitisha hewa ile ile hubidi izunguke kwa kasi na kupiga kelele. Kelele si jambo dogo katika nyumba: feni inayowakera waliolala huzimwa usiku na mtu mwenye usingizi, naye hakumbuki kuzima taa.

Matundu ya kuingizia hewa yawe chini, na tundu la kutolea liwe juu, upande wa pili, ili hewa ipite katika miche yote kabla ya kutoka. Jumla ya eneo la matundu ya chini isipungue eneo la feni, na ikiwa maradufu ni vizuri zaidi. Wengi hukosea hapa. Hununua feni ya fedha nyingi kisha huitobolea kitundu cha kupitisha waya tu, wakashangaa kwamba hewa haivutwi. Feni ifungwe ivute kutoka ndani kwenda nje, isisukume kutoka nje kwenda ndani. Ikivuta, hewa ya kabati hutoka kwa njia moja tunayoijua, na joto la taa lililopanda juu huondolewa kabla ya kushuka. Ni kweli kwamba hewa moto hupanda yenyewe, na kuna wanaotaka kuiachia ifanye kazi bila feni. Lakini katika kabati la kimo cha mita moja nguvu hiyo ni hafifu mno, haifui dafu mbele ya wati 100.

Feni ndogo ya pili yaweza kuwekwa ndani, si kwa ajili ya kupoza, bali kuyatikisa majani taratibu. Isielekezwe moja kwa moja kwenye miche michanga. Majani yakitikisika kidogo tu yatosha, na mashina hupata nguvu.

Kujua kama njia ya hewa ni sahihi hakuhitaji mtambo. Katika nyumba zetu chetezo hakikosekani. Washa ubani kidogo, taa na feni vikiwa vinafanya kazi, ukishike chetezo nje ya tundu la chini, ukautazame moshi. Ukivutwa ndani kwa mstari, njia ni nzuri. Ukisitasita mlangoni na kurudi, matundu hayatoshi, au mlango una mwanya unaoiba hewa karibu na feni. Kisha kitazame tundu la juu: je, moshi unaotoka unashuka na kuvutwa tena chini? Ukiwa hivyo, kabati linakula hewa yake lenyewe. Chetezo kisiingizwe ndani ya kabati hata kidogo.

Jambo hili la hewa kurudi huonekana pia katika chumba kizima. Taa za wati 100 zikiwaka saa 16 hutoa joto la uniti 1.6 za umeme, na joto hilo halipotei. Likitoka kabatini limo chumbani. Chumba kidogo chenye dirisha lililofungwa kitapanda joto, na kabati litapanda nacho. Basi kabati liwekwe karibu na dirisha, na ikiwezekana hewa inayotoka ipelekwe nje kwa bomba fupi lililonyooka. Waliojenga miji ya joto tangu zamani waliyajua haya. Minara ya kunasa upepo ya Yazd huko Iran, na ile ya mtaa wa Al Fahidi huko Dubai, haikujengwa kuingiza upepo tu. Ndani yake mna njia ya upepo kuingia na njia ya kutoka, kwa kuwa upepo usio na pa kutokea hauingii.

Minara hiyo yatukumbusha jambo lingine ambalo watu hulijaribu kabatini, nalo ni kupoza kwa maji. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hutokeza nje kidogo kidogo na kukauka, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Joto hilo si haba: lita moja ya maji ikikauka yote huchukua joto sawa na lile linalotolewa na taa ya wati 100 kwa zaidi ya saa sita. Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri, alipojenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor katika miaka ya 1940, alitumia njia hii katika shule: upepo ulioshuka katika mnara ulipitishwa penye mkaa uliolowa. Na katika kaskazini ya Nigeria mwalimu Mohammed Bah Abba aliweka chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, nyanya na mboga zikakaa siku nyingi bila kuharibika. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000.

Lakini Luxor ni jangwani, na kaskazini ya Nigeria wakati wa kiangazi hewa yake ni kavu kama karatasi. Aliye Dodoma katika mwezi wa Septemba aweza kutundika kitambaa kilicholowa mbele ya tundu la kuingizia hewa akapata faida kubwa. Aliye Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hatapata chochote ila ukungu, kwa maana hewa yetu ya pwani imekwisha kushiba maji na haina nafasi ya kupokea mengine. Hapa kitambaa kilicholowa ndani ya kabati ni mwaliko kwa kinyausi. Tena miche yenyewe, ikikua, hutoa maji mengi kwa majani yake na kupoza hewa kidogo kwa njia hiyo hiyo. Kazi yetu ni kuutoa mvuke huo, si kuuongeza.

Kuna wanaoweka chupa za barafu. Tuliifanya hesabu yake, na twasikitika kusema kwamba haina maana. Lita moja ya barafu, ikiyeyuka yote na maji yake yakafikia nyuzi 30, haimezi joto la taa ya wati 100 hata kwa saa moja na nusu. Na jokofu lililogandisha barafu hiyo lilitoa joto jingi zaidi humo humo nyumbani.

Dawa ya pwani ni nyingine, nayo haina gharama. Mmea haujui saa. Haja yake ni kwamba mwanga uje na uondoke kwa utaratibu ule ule kila siku. Basi taa ziwashwe usiku na kuzimwa mchana. Ziwake saa 12 jioni, zizime saa 4 asubuhi; hizo ni saa 16, zatosha kabisa kwa saladi na miche ya nyanya. Katika mwezi wa Februari chumba cha Dar es Salaam chaweza kufika nyuzi 32 baada ya adhuhuri, lakini alfajiri huwa karibu na 26. Kwa hila hii tu twapata nyuzi tano au sita ambazo hakuna feni ingetupatia. Kijana tuliyemtaja alifanya hivyo, akatoa nje ya kabati vile visanduku vya kubadilishia umeme wa taa ambavyo huwa moto daima, akapunguza taa moja mpaka miche ilipofikisha majani manne. Kabati likakaa kati ya nyuzi 28 na 30. Miche ya majirani ilichukuliwa wiki ya tano, na mama yake ndiye aliyehesabu fedha. Asishawishike mtu, hata hivyo, kuziacha taa ziwake mchana na usiku kwa tamaa ya kukuza haraka; nyanya zisizopewa giza majani yake hugeuka manjano.

Taa zikizimwa feni isizimwe papo hapo. Hewa ikipoa ghafula unyevu wake hupanda, na umande hutua juu ya majani katika giza, jambo ambalo ukungu hulipenda. Feni iendelee kwa kasi ndogo, au iwashwe robo saa katika kila saa.

Na kwa kuwa kabati hili limo ndani ya nyumba yenye watoto, hatuna budi kusema juu ya moto. Ubao wa soketi usiwekwe sakafuni mwa kabati ambamo maji humwagika. Utundikwe nje, juu kuliko trei za maji, na waya uachwe uning'inie kidogo chini ya soketi ili tone likifuata waya lidondoke kabla ya kufika. Pazia, karatasi na pamba visiguse taa. Umeme ukikatika hakuna hatari, maana taa na feni huzimika pamoja. Hatari iko pale feni inapokufa peke yake na taa zinaendelea kuwaka, wenye nyumba wamelala. Kwa hiyo taa zipitishwe katika kifaa cha kuzizima zenyewe joto likifika nyuzi 35. Ni kifaa kidogo, na kama fedha zatosha kitu kimoja tu kati ya hicho na taa ya pili, twamwomba msomaji aiache taa ya pili.

Matundu yafunikwe kwa chandarua, kwa maana mbu hawachagui kati ya maji ya trei na maji ya kopo lililotupwa uani. Na kwa kuwa chandarua hupunguza hewa, tundu liongezwe ukubwa. Panga za feni zifutwe vumbi kila mwezi.

Iliyobaki ni kuchagua cha kupanda kwa majira. Tangu Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, hata kabati lililotengenezwa vizuri litakuwa moto, na mbegu za saladi hukataa kuota joto la udongo likipita nyuzi 30 hivi. Miezi hiyo ni ya bamia, mchicha, pilipili na rehani, ambazo joto haliziudhi. Ndugu zetu wa Nairobi, ambao mwezi wa Julai huwa na usiku wa nyuzi 12, watafunga nusu ya matundu na kuliona joto la taa kuwa neema. Kwetu pwani saladi na giligilani zipandwe kuanzia Juni, kusi inapoleta ubaridi wake, na mbegu zilizobaki zitiwe katika chupa kavu, zifungwe vizuri, na kuwekwa chini ya jokofu mpaka wakati huo.